Nyumba Iliyomeza Wageni

Ko-kwaa. Ko-kwaa. Ko-kwaa. Hivyo ndivyo ilivyolia mitalawanda ya shangazi, ile jozi moja ya viatu vya mti iliyokaa kwenye mlango wa uani kwa kila aendaye msalani. Cha kulia kilikuwa kizima, kikasema ko. Cha kushoto kilipasuka kisigino zamani, kikasema kwaa, kama mtu anayecheka kwa kulazimishwa. Kila alfajiri, kabla mwadhini hajasafisha koo, nilimsikia mtu nisiyemjua akipita ukumbini: ko-kwaa, ko-kwaa mpaka uani, kisha maji, kisha ko-kwaa kurudi. Kwa mwendo tu nilijua huyu ni mnene, huyu anaogopa giza, huyu ana mtoto mgongoni. Mara lori linanguruma barabarani, mlango wa mbele unafunguliwa, mgeni kaondoka. Mie nabaki kitandani naota anakokwenda.

Nyumba yetu ilikuwa Temeke, karibu na barabara ya Kilwa, pale malori ya kusini yalipokuwa yakisimama kujaza watu na magunia. Siku hizo za Mwingereza, vita vikiwa vimekwisha juzijuzi na mipira ya magari ikiwa adimu kama nyama, lori halikuondoka kwa sababu wewe una haraka. Liliondoka likijaa, au likipona. Msafiri wa Utete alifika asubuhi na furushi lake, akaambiwa na utingo, "Kesho mama, kesho alfajiri," na hiyo kesho ikawa na wadogo zake.

Shangazi, aliyenilea tangu nilipofiwa na wazazi, alikuwa mjane mwenye nyumba ya udongo na makuti na kaka mmoja kule Kisarawe. Huyo kaka, yaani baba yangu mkubwa, alikuwa na huruma nyingi. Alimhurumia sana dada yake kukaa peke yake mjini, hata akaamua nyumba iuzwe, dada ahamie kwake, amlelee watoto wa wake zake wawili na kumpalilia mihogo. Na kwa kuwa nyumba ilijengwa na marehemu baba yao, neno la mwanamume ndilo lililokuwa neno. Akampa muhula: nyumba ikiweza kujilisha na kujiezeka yenyewe, vyema. Isipoweza, vyombo vifungwe. Shangazi alininong'oneza kwamba hata mfungwa huambiwa kwanza kosa lake.

Basi jioni moja ya mvua mwanamke wa Rufiji mwenye mtoto mgongoni alipiga hodi kuomba kujikinga. Shangazi akamlaza ndani. Asubuhi yule mama akaacha ahsante yake chini ya mto bila kuambiwa, akaenda zake kwenye lori, na njiani akamsimulia utingo. Utingo akishajua jambo, barabara nzima imejua, mpaka mwisho wake. Tangu siku hiyo vyumba vyetu havikulala vitupu. Wanaume chumba cha mbele, wanawake na watoto chumba cha pili, pombe hapana, mlango unafungwa baada ya isha. Upande mmoja wa paa ukapata makuti mapya. Shangazi akaanza tena kuimba akikuna nazi.

Na mie? Mie nilisoma mpaka darasa la nne, na ramani ya shuleni haikuwa na Utete. Sasa Utete yenyewe ilikuwa inaota moto jikoni kwetu na kuniomba chumvi. Nilikwisha kuamua kwamba nitafika kila mahali mgeni alipopataja: Kilwa, Lindi, hata kule bara kwenye ziwa lenye mawimbi kama bahari. Nilijionea nikishuka garini na sanduku la bati lenye kufuli. Sikuwa na sanduku, wala kufuli, lakini ufunguo nilishauokota.

Ng'ambo ya njia, mlango ukitazama mlango wetu, alikaa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya forodhani. Huko alikuwa akikagua mizigo. Alipostaafu mizigo ikaisha lakini ukaguzi ukabaki, akauhamishia kwetu. Tangu asubuhi alikaa barazani na kanzu yake safi na ndevu zake zilizotiwa hina mpaka zikawa nyekundu kama pilipili mbivu, akitazama mlango wetu jinsi paka atazamavyo kitoweo.

"We binti," akaniita siku moja. "Yule mwenye mwavuli ni nani?"

"Shikamoo babu. Ni mgeni."

"Marahaba. Mgeni najua. Wa nani?"

"Wa shangazi."

"Na yule wa jana mwenye kuku?"

"Wa shangazi pia."

"Shangazi yako ana jamaa wengi kuliko nzige," akasema, akageuka kumtazama mkewe aliyekuwa akichambua mchele kizingitini. Bibi akadakia, "Tena jamaa wenyewe hawafanani, bwana! Mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja kachanjwa uso. Tumbo gani hilo lililowazaa wote?"

Kwanza walisema ni wezi. Lakini mtaa mzima haukuibiwa hata kifuu, kwa hiyo wizi ukachosha. Wakasema ni nyumba ya mambo ya aibu. Ila wageni wetu wengi walikuwa mabibi wanaokwenda kuangalia wagonjwa, na mmoja wao alimkemea mzee mwenyewe kwa kukaa barazani wakati wa sala. Hapo kukawa kimya kidogo, nikadhani wamechoka. Kumbe walikuwa wanatafuta kitu kikubwa zaidi, wakakipata: mumiani.

Asiyekulia enzi zile nimweleze. Mumiani ni watu waliosemwa kuwa hukamata wenzao, wakawaning'iniza na kuwatoa damu ili itengenezwe dawa. Hakuna aliyewahi kuwaona, ndiyo sababu kila mtu aliwajua vizuri. Watoto tulikatazwa kuchota maji jioni kwa ajili yao. Sasa mzee wetu akakaa barazani, akapiga hesabu zake za kiforodha: watu wanaingia nyumba ile mchana kweupe, kila mtu anawaona. Nani amewahi kuwaona wakitoka? Hakuna. Basi hawatoki.

Na kweli hakuwaona. Lori la kusini liliondoka kabla ya alfajiri ili lisichemke juani na liwahi pantoni ya kuvukia mto Rufiji. Saa hizo mkaguzi wetu alikuwa anakoroma, tukimsikia ng'ambo hii. Lakini nani angemwambia mtu mzima kwamba kilichomeza wageni ni usingizi wake?

Mambo yakachemka siku aliyokuja yule msuka mikeka. Alikuwa mama wa Rufiji, makamo ya mzee wa ng'ambo, mwenye meno machache na maneno mengi. Lori lake lilikufa injini, akaona asikae bure, akanunua rangi ya unga dukani kwa Mhindi, akachemsha ukindu wake uani kwetu kwenye debe. Rangi yenyewe nyekundu, ile ya kuwekea mistari ya mkeka wa bibi harusi. Alipomaliza akamwaga maji ya debe kwenye mfereji wa uani. Mfereji wetu ulipita ubavuni mwa nyumba, ukatoka njiani, ukakata kona, na kwa adabu zake zote ukaishia mbele ya baraza ya mzee.

Kwanza nilisikia ungo ukianguka. Halafu bibi: "Uuuwi! Damu! Jamani damu ya watu!"

Nilipotoka, mtaa ulikuwa umekwisha kujaa. Sijui watu wale walikuwa wapi siku zote tulipotafuta wa kutusaidia kuezeka. Mzee alikuwa amesimama juu ya baraza na kanzu ameikunja mpaka magotini, kama mtu anayevuka mto, na mto wenyewe umechora mstari mwembamba mwekundu mchangani.

"Si niliwaambia?" akasema. "Si niliwaambia? Hii ni ya yule mwenye mwavuli!"

Akaitwa jumbe. Jumbe wetu alikuwa mtu mzito, aliyependa amani kwa sababu amani haikumwondoa kwenye chakula. Siku ile walimwondoa kweli. Akaja anafuta midomo, akakalishwa kwenye kiti barazani kwa mzee, shangazi akasimamishwa mbele yake juani. Nilimwona shangazi anavyoushika upindo wa khanga yake, anaukunja, anaukunjua. Hakuwa anaogopa mumiani. Alikuwa anaona mihogo ya Kisarawe.

"Dada," jumbe akasema, "watu wanasema unawatoa watu damu."

"Mimi nikimchinja kuku namwita jirani anishikie miguu," shangazi akajibu. "Huyo huyo aliyekuleta ndiye anayenishikia."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. "Muulize damu ile ni ya nini!"

Hapo akatokea msuka mikeka mlangoni kwetu. Hakuwa ameambiwa kitu, alikuwa ametoka kutazama kelele, na mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. Umati ukarudi nyuma kwa pamoja. Mtu mmoja akapoteza kiatu. Jumbe mwenyewe nilimwona akiegemeza kiti ukutani.

"Kuna nini?" akauliza yule mama.

"Hiyo mikono!" mzee akapiga kelele. "Jumbe, tazama hiyo mikono! Umemnyonya nani?"

Mama akaitazama mikono yake, akautazama mstari mchangani, akamtazama mzee kuanzia kofia mpaka kidevu. Akainamisha kichwa upande, kama mtu anayechagua embe sokoni.

"Baba," akasema taratibu, "mikono yangu nimenyonyea ukindu. Na hizo ndevu zako, umemnyonyea nani?"

Wallahi, sijasikia tena kicheko kama kile. Hata mke wa mzee alijifunika uso kwa upindo, mabega yakitikisika. Yule mama akaingia ndani, akatoka na debe na ukindu wake unaodondoka, akamtundikia jumbe ukindu mmoja gotini ili auchunguze vizuri. Suruali ya jumbe, nasikia, haikutoka doa mpaka ilipochakaa.

Mimi nikadhani yamekwisha. Nilikuwa mtoto wa kudhani mambo mazuri. Lakini mzee aliwahi kufanya kazi ya serikali, na mtu wa namna hiyo hakubali kushindwa kwa sababu ndogo kama ukweli.

"Rangi, sawa," akasema, ndevu zikimtetemeka. "Rangi nimeiona. Lakini hao wanaoingia, wako wapi? Mimi sijaona hata mmoja akitoka. Anionyeshe!"

Minong'ono ikarudi. Kweli, wako wapi? Shangazi akaeleza habari za lori na pantoni, lakini nani alikuwa na hamu ya pantoni? Jumbe akatazama jua, akatazama suruali yake, akatazama njia ya kwake ambako wali ulikuwa unapoa. Akatoa hukumu.

"Kuanzia leo," akasema, "kila atakayelala nyumba ile, kabla hajapanda lori, atakwenda mlangoni kwa mzee huyu, apige hodi, amwamkie, amwonyeshe kwamba yu mzima, mikono miwili, miguu miwili. Mzee, ukikosa kumwona hata mmoja, njoo uniambie. Siku hiyo hiyo nitaufunga mlango ule, wala sitauliza swali."

Shangazi akanywea. Nyumba yetu yote ilikuwa imewekwa kwenye kiganja cha mzee. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema, "Hukumu ya haki kabisa." Nadhani kichwani mwake aliona wageni wakija kumsalimu baada ya chai, jua likiwa limepanda, mmoja mmoja, kama kwa liwali. Habari za lori na alfajiri hakuwa amezisikiliza. Alikuwa anashughulika kushinda.

Kesho yake, gizani bado, ko-kwaa, ko-kwaa, mlango wetu ukafunguka. Nikachungulia dirishani. Msuka mikeka alivuka njia na mikeka kichwani, akaupiga mlango wa mzee kwa ngumi.

"Hodi! Hodi baba! Mie naondoka! Njoo unione!"

Kukoroma kukakatika. "Nani?"

"Mie wa ndevu!"

Mzee akatoka amejifunga shuka, kandili mkononi. Mama akamwonyesha mkono huu, akamwonyesha mkono huu, akainua mguu mmoja, akainua wa pili, akasema, "Umenihesabu? Haya, kwaheri, lala." Akaenda.

Na hakulala tena, masikini. Wageni wetu walikuwa watu waaminifu mno, na shangazi alihakikisha uaminifu haupungui. Alfajiri moja alikuja mama mwenye watoto, wakapangwa mstari na kuonyeshwa wote, mdogo akilia na kuku akijibu. Mwingine alikuwa bwana wa bara, Mkristo, amevaa kaptura na kofia ya jua gizani, ambaye kwao salamu si kitu cha kukatizwa. Huyo nilimsikia mwanzo hadi mwisho.

"Hujambo mzee? Umelalaje?"

"Sijalala."

"Pole. Mama mzima?"

"Mzima. Nimekuona, nenda."

"Watoto wazima? Wajukuu? Mvua imenyesha? Na ng'ombe?"

"Sina ng'ombe, bwana!"

"Ah, pole sana. Waliibiwa?"

Kutoka ndani sauti ya bibi ikapasuka: "Mwambie wamekufa wote, aende!"

Baada ya hapo mzee alikwenda kwa jumbe kuomba afunguliwe kazi. Tuliambiwa jumbe alimsikiliza kwa heshima huku akikwangua suruali yake kwa ukucha, kisha akamwambia, "Mzee wangu, kazi hii umeiomba mwenyewe mbele ya watu. Wewe si mtu wa forodha?"

Lakini sikiliza maajabu. Siku moja dukani bwana mmoja alisema kwa sauti kwamba nyumba yetu bado inameza watu. Kabla sijafungua mdomo, mzee wa ng'ambo akamgeukia. "Inameza nini? Unajua nini wewe? Mimi nawaona kila siku kwa macho yangu! Wanatoka wazima, tena wazima mno!" Akaanza kumtajia: yule wa Kilwa mwenye kikohozi, yule mama wa mapacha, yule wa ng'ombe. Bwana yule akaondoka bila sukari yake. Taratibu nikaona mzee hangojei tena kubishiwa hodi. Wageni walimkuta amekwisha amka, kanzu imenyooka, kandili linawaka, naye anauliza wao wanakwenda wapi na huko watafikia kwa nani. Mara nyingine aliwapa salamu za kupeleka kwa dada yake wa Kilwa. Akiulizwa, alisema anatimiza amri ya serikali.

Ndipo masika yakaja, barabara ya kusini ikakatika. Malori yakalala, vyumba vikawa vitupu, mitalawanda ikakaa kimya mlangoni. Na kama kwa kuitwa, baba mkubwa akatokea Kisarawe na mwavuli na huruma yake. Akapita chumba hiki, akapita kile, akabonyeza vitanda vitupu kwa kidole.

"Dada, wageni wako wapi?"

"Mvua, kaka."

"Mvua," akasema, kama daktari aliyekwisha ona ugonjwa. "Kesho nitatafuta mnunuzi."

Akalala chumba cha mbele. Shangazi hakula. Alfajiri akamwamsha kaka yake kwa upole na kumwambia kuna desturi ya mtaa: anayelala hapa anaamkia ng'ambo kabla ya kutoka, amri ya jumbe. Baba mkubwa hakutaka ugomvi na jumbe, akavuka njia ananung'unika kwenye tope. Mie na shangazi tukasimama nyuma ya mlango, tumeshikana mikono.

"Na wewe unatoka pale?" tukamsikia mzee. "Mikono? Miguu? Haya. Wa wapi?"

"Mie kaka yake mwenye nyumba. Naona mambo yamelala, mzee. Wageni wenyewe hakuna."

Kwenye ufa wa mlango nikamwona mzee akiinua kandili karibu na uso wa baba mkubwa.

"Hakuna? Bwana wee, mimi tangu mwaka jana sijalala kwa ajili ya wageni wa dada yako! Mvua hii imenipumzisha siku chache tu. Ikikatika, wanarudi kama siafu. Uliza mtaa mzima. Hiyo nyumba ukiiuza, aliyeinunua atakuwa amepata mali, na wewe utakuwa umepata mdomo wa kulisha."

Baba mkubwa alirudi, akanywa uji, akasema ameona bora nyumba ingoje kidogo. Akasema pia mihogo ya mwaka huu si mingi, haihitaji mikono. Tukamsindikiza mpaka barabarani, shangazi akimlilia kwa furaha naye akidhani ni kwa huzuni ya kuagana.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema. Nikachungulia dirishani: mvua ya rasharasha, na ng'ambo kandili linawaka. Mzee alikuwa amekaa barazani na kanzu yake iliyonyooka, anautazama mlango wetu, ambao hakuna aliyekuwa nyuma yake wa kuondoka. Shangazi alikuwa bado amelala, usingizi mzito wa mtu asiyehamishwa.

Nikavaa mitalawanda. Nikaenda nayo ukumbini mpaka uani, ko-kwaa, ko-kwaa, nikarudi, kwa nguvu isikike nje. Nikafunga khanga zangu mbili na mto furushi, nikaliweka kichwani, nikafungua mlango wa mbele, nikavuka tope.

"Hodi. Shikamoo babu. Naondoka."

Akanitazama. Akainua kandili. Nikamwonyesha mkono wa kulia, wa kushoto, nikainua mguu mmoja, kisha wa pili.

"Marahaba," akasema. "Unakwenda wapi?"

"Kilwa."

"Mbali," akasema. "Nisalimie dada."

Nikasema nitamsalimia. Nikashika njia ya barabarani mpaka kandili lake halikunifikia, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaingia kwa mlango wa uani, na mitalawanda nikaivua nikaishika mkononi isilie.